Ungo wa Mama Wilibrodi

Arusha,
12 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeamka salama hapo Rhotia, na goti halikusumbui sana na baridi hii. Mimi sijambo, nakula vizuri, na sweta ulilonifumia nalivaa kila siku.

Asante kwa maharage. Kaka Felisiani alipoyaleta alinicheka, kwamba nayachambua upya wakati Mama ameshayachambua. Kumbe ni malezi yako hayo. Utotoni mbegu nilikuwa nachambua mimi, halafu wewe unavusha ungo hadi ua wa jirani, kwa Mama Wilibrodi, naye azipitie. Nilikuwa nanuna siku nzima, nikidhani huniamini. Ulisema tu kwamba macho yangu yameshauzoea ule ungo.

Sasa, ile kazi yangu. Unakumbuka natafuta kwa nini ndama wengine huugua ndigana kali wakapona, na wengine wakafa kama yule mwekundu wetu. Mwilini mna vipande vidogo mno viitwavyo maikroRNA, ambavyo huzima jeni zisifanye kazi. Zipo tovuti za bure: unaandika jina la kipande, unachagua mnyama, nayo inabashiri jeni zitakazozimwa. Iliponionyesha jeni moja ya kinga, nilikupigia simu nikilia kwa furaha, nawe ukaahidi kupeleka shukrani kanisani Jumapili.

Ijumaa, kabla ya Jumapili hiyo, nikakumbuka ungo. Nikaingiza kipande kilekile kwenye tovuti nyingine, iliyotengenezwa na watu wengine. Ile jeni haikuwemo. Nikarudi kwenye ile ya kwanza nikaona nilichofanya: sikuchagua ng'ombe. Tovuti ile hufunguka ikiwa imeshachagua binadamu, nami nikaiacha hivyo hivyo.

Hapa ndipo ninapoona aibu, Mama. Ulipobeba debe la maharage hadi altareni na kuwaambia watu kwamba binti yako amegundua kinachowaua ndama, mimi nilikuwa na siku mbili nikijua kwamba si kweli. Simu ilikuwa mkononi na nikashindwa kukupigia. Nisamehe.

Jumatatu nilimweleza mwalimu wangu, Dokta Aikande, nikitegemea anifukuze. Akasema kosa lile hata yeye hakuliona, na kama ningenyamaza, wengine wangelifuata. Amenipa miezi minne nirudie yote kwa tovuti tatu, nibaki na jeni zile tu ambazo tovuti zote tatu zimezitaja, ndipo tuzipime maabara. Huenda isibaki hata moja. Aliniuliza nani alinifundisha kupitisha kazi kwa macho ya mwingine, nikawataja wewe na Mama Wilibrodi. Nawashukuru sana, Mama, na nasikitika kwamba nilinuna.

Wasalimie wote nyumbani. Jumapili ijayo nakuja, nisimame pale uliposimama niwaambie watu mwenyewe.

Ukishaisoma barua hii, mpelekee Mama Wilibrodi naye aipitie. Kama kuna kitu nimekificha tena, yeye atakiona.

Mwanao,
Selestina