Kuku wa kwenye hotipoti

Eliza upo? Niko kituo cha afya na mwanangu Clement, na nimeaibika hapa sijui uso niuweke wapi.

Tangu asubuhi mtoto anaharisha damu, mwili unachoma, macho yameingia ndani. Daktari kauliza amekula nini. Mimi mbiombio: "Alikula kwa wifi yangu Dina." Mbele ya Dina mwenyewe! Na ndiye aliyetuitia bodaboda!

Akajibu taratibu: "Kwangu hakula, dokta. Wifi alimkataza."

Alimkataza. Kasema hivyohivyo, Eliza.

Na kweli nilimkataza. Unajua ninavyoumia akimkimbilia yule kila akisikia harufu ya chungu chake. Ndiyo maana juzi jioni nikapika kuku, nikamfungia kwenye hotipoti, na jana mchana nikamlisha Clement bila hata kuipasha moto nyama. Ili tu asiende kule!

Daktari kaniambia: "Hotipoti siyo friji, mama. Kwenye uvuguvugu ule bakteria wanazaliana usiku kucha." Wamechukua choo kupima, wakamwekea dripu na sindano ya antibayotiki palepale.

Sasa amezinduka kidogo, tukaambiwa tumnyweshe ORS, yale maji ya chumvi na sukari. Kwangu kafumba mdomo. Kwa Dina kanywa kikombe chote. Chote!

Mara mume wangu kaingia anahema: "Nani kamnywesha?"

Dina kaniwekea kikombe kitupu mkononi, kasema: "Mama yake."

Eliza, bora angenitukana.