Mtaa wa Nyumba Nane

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefagia ua. Nimemwagilia asumini ya Mama. Nimempima presha, nimempa vidonge vyake na chai ya tangawizi. Leo wiki ya tatu tangu tuhamie. Bado nikitafuta sukari nafungua kabati silo.

Mtaa una nyumba nane, nne huku nne kule, zote nyeupe, zote na geti la chuma. Kimya. Mume wangu Nassor anasema kimya ndicho tulichokinunua. Miaka thelathini tumekaa mjini Ibra, fleti juu ya gereji. Sasa yeye amestaafu ofisini, mimi nimestaafu ukunga, tuna nyumba yetu nje ya Izki na hati yake imo kabatini. Akiba yetu yote imeingia humu. Sina la kulalamikia.

Mlango wa chumba cha Mama haufungi. Jana ulikuwa ukifunga.

Jumatano, 8 Oktoba

Ufa kwenye majlisi, chumba cha wageni. Unaanzia pembe ya dirisha, mwembamba kama unywele. Nassor kasema plasta inakauka. Nyumba ina miaka sita. Plasta gani hiyo?

Jirani wa mbele kaja na sahani ya tende. Sleiman, Mmanga, Mwarabu wa huku aliyekulia Bujumbura, Kiswahili chake cha bara. Mkewe yuko kwa binti yao mjini Sur, anakaa peke yake. Nimefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye lugha yetu. Kabla kahawa haijapoa akaniuliza:

"Dada, milango inafunga vizuri?"

"Mmoja hautaki. Kwa nini?"

"Hapana, naulizia tu. Mbao za siku hizi."

Akaondoka, kikombe kimejaa.

Mama ana raha kuliko nilivyomwona kwa miaka. Ana miaka themanini na nne, macho yamepungua, lakini chumba chake kinatokea uani na anakaa kibarazani tangu saa moja. Aliacha nyumba ya kwao Vuga akiwa na miaka ishirini na tatu, sanduku moja mkononi, akavuka bahari kuja huku. Tangu hapo ni nyumba za kupanga. Leo kaniambia, "Zuhura, mie nishahama ya kutosha. Hapa sitoki."

Jumamosi, 18 Oktoba

Lori nyumba ya pembeni yetu. Wamepakia makabati, majiko, mpaka mapazia. Nimetoka kuwaaga, bibi wa nyumba kajifanya hakuniona. Sijawakosea kitu. Hatujajuana hata.

Baada ya lasiri nimetembea mtaa mzima. Sijui kwa nini sikufanya hivi kabla ya kununua. Nyumba mbili za mwisho, geti zina vumbi kwenye vishikio. Ya mkabala nazo, hakuna nguo kambani, viyoyozi havilii. Nilidhani watu wako kazini. Hawako kazini. Hawapo.

Zimebaki nne zenye watu, na yetu ndani yake.

Jumanne, 21 Oktoba

Ufa sasa unaingia kucha. Nimeuwekea alama ya penseli mwisho wake, na tarehe. Nassor kaona, kachukua rangi, kafuta alama yangu na ufa wake pamoja. Nimekasirika.

Sakafu ya chumba cha Mama, karibu na ukuta wa nyuma. Fimbo yake ikigonga pale inatoa sauti nyingine. Kama mtu anagonga mtungi. Nimegonga kwa mchi wa kinu. Hapa, sauti ya sakafu. Hatua mbili mbele, mtungi.

Aliyetuuzia hapokei simu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimevuka barabara, nimebisha kwa Sleiman. Kafungua geti nusu. Nikamwambia, "Mlango wa Mama haufungi kabisa, madirisha mawili yamekwama, sakafu inalia. Unajua nini?"

Akanikaribisha ndani, akanionyesha ukuta wa jiko lake. Kabati kubwa limesogezwa kuuziba. Nyuma ya kabati mkono wangu uliingia kwenye ufa mpaka kifundo.

Ni falaji, akasema. Mfereji wa zamani wa chini kwa chini, uliokauka kabla sisi hatujazaliwa. Ulikuwa na visima vya kushukia, kila hatua kadhaa kimoja. Walipokuja kusawazisha viwanja visima vikajazwa kifusi na taka, juu yake pakagawanywa. Mfereji unapita chini ya nyumba za upande wetu, unakata barabara, unamalizikia kwake. Kifusi kinashuka.

"Mnajua nyote?"

"Wote wa mtaa."

"Na mimi ulinilisha tende ukanitazama?"

"Ningekwambia nini, dada? Nikikwambia wewe, habari ikaenea, yangu mimi nitamuuzia nani?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili, 2 Novemba

Muhandisi tuliyemwita kaja kutoka Nizwa, kijana mpole, kavua viatu mlangoni. Kagonga nyumba nzima kwa nyundo ndogo. Chumba cha Mama katoboa tundu kigaeni, kashusha uzi wenye kipande cha risasi nchani. Uzi ukashuka. Ukashuka. Akaongeza uzi mwingine.

Alituita uani. Akasema tuondoke, na tusingoje mvua. Akauliza kama tunataka aandike ripoti.

Nassor akajibu haraka, "Usiandike."

Nilijua pale pale anawaza nini. Miaka thelathini na moja ya ndoa, namjua.

Ijumaa, 7 Novemba

Nassor kapaka rangi nyumba nzima. Tundu la muhandisi kalifunika kwa zulia. Mlango wa Mama kaupiga randa, sasa unafunga. Ukiutazama huwezi kujua. Kazi nzuri. Alikuwa fundi mzuri wa mikono tangu ujana, nilimpendea hilo.

Mama nimemhamishia majlisi, nimemwambia kule jua kali. Kanuna. Kila nikigeuka amesharudi kibarazani kwake.

Dalali kapiga simu. Wateja Jumatatu.

Nimemwambia Nassor ni haramu. Kasema, "Na sisi tuliofanyiwa?" Nimemwambia si jibu. Kasema, "Basi nitafutie jibu. Mama yako utamlaza wapi?"

Jumatatu, 10 Novemba

Wateja ni Asya na mumewe.

Asya binti wa Bi Rukia wa Ibra. Nilimpokea mimi alipozaliwa. Alikuja miguu mbele, nilidhani tutampoteza, na mama yake kila Idi hunikumbusha. Sasa mwalimu, skuli moja hapa hapa Izki. Ana mimba ya miezi saba.

"Shikamoo Bi Zuhura! Kumbe nyumba yenu? Basi hata sikagui, nishatulia."

Nikaitikia marahaba. Nikamimina kahawa. Nassor akawazungusha. Chumbani kwa Mama, Asya akasimama juu ya zulia, mkono tumboni, akamwambia mumewe, "Kitanda cha mtoto hapa. Asubuhi anapata jua."

Nilikuwa nimeshika birika. Mdomo ninao, kauli ninayo. Sikusema.

Wamependa. Watarudi Alhamisi kutia saini.

Najichukia. Sina neno jingine la kuandika.

Jumanne, 11 Novemba

Sikula. Saa nne nimechukua gari, nimemwambia Nassor naenda sokoni. Nimemngoja Asya nje ya skuli yake mpaka wakati wa mapumziko. Alikuja akicheka, akadhani nimemletea kitu.

Nimemwambia yote, mfereji, uzi, zulia. Akawa haniamini. Akasema labda tumepata mteja wa bei bora. Nikamshika mkono.

"Asya. Pale uliposimama jana, chini yake hakuna kitu."

Alitazama miguu yake, kama kwamba bado yuko pale. Kisha akaniuliza, taratibu, na adabu zake zote: "Na jana, bibi, mbona ulinyamaza?"

Nikasema naona haya kumwambia.

Hakuniaga. Ana haki.

Nassor nimemweleza kabla hajasikia kwa dalali. Hakupiga kelele. Alikunja gazeti, akaenda kukaa ndani ya gari, mlango amefunga, injini imezimwa. Adhana ya adhuhuri ikapita, ya lasiri ikapita.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika kwenye chumba cha hoteli, Nizwa. Mama kalala. Mikono yangu ina matope kuchani, nimenawa mara tatu.

Siku nne Nassor hakusema nami. Leo baada ya chakula cha mchana mawingu yakashuka kutoka mlimani. Mvua ikapiga chini ya saa moja. Ilipokatika nikatoka kuanua mazulia yaliyolowa. Uani maji yalikuwa yamesimama, kama dimbwi. Nikayaona yanaanza kuzunguka. Kisha yakaondoka yote mara moja, kama yaliyofunguliwa kizibo.

Nikageuka majlisi. Kitanda cha Mama kitupu.

Alikuwa amerudi chumbani kwake. Alisubiri mvua, akashika ukuta, akaenda kulala kitandani pake mwenyewe. Nilipiga ukelele kumwita Nassor. Alinipita ukumbini mbio, mtu wa miaka sitini na mbili mwenye goti bovu. Mlango uliopigwa randa ulikuwa umebana. Akaupiga bega, ukakatika bawaba.

Zulia lilikuwa limebonyea katikati. Mama yuko ng'ambo yake, kitandani, anauliza nani anavunja nyumba. Nassor akapita ukingoni, mgongo ukutani, akamchukua mikononi kama mtoto. Mama anampiga ngumi. "Niache! Sihami! Nishasema sihami!" Akarudi hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na vigae vinapasuka nyuma yake kimoja kimoja.

Tulikuwa getini kitanda kilipokwenda. Sikusikia kishindo. Nilisikia pumzi, ndefu, ya vumbi, ikitoka dirishani. Ukuta wa nyuma ukafuata.

Sleiman alikuwa amesimama getini kwake. Nassor alimtazama. Kisha akanitazama mimi, Mama bado mikononi, akasema, "Mtoto wa yule binti." Akakaa chini kwenye maji ya barabarani, na Mama mapajani, akalia.

Ijumaa, 28 Novemba

Fleti ya kupanga hapa Nizwa, ghorofa ya pili. Dirisha la jiko linatazama maegesho. Mama hazungumzi sana. Nikimwekea chakula anakula, nikimwogesha anakubali. Jana aliuliza jina la mtaa huu, nikamwambia, akasema hajawahi kulisikia.

Asya bado hajapiga simu. Mama yake alipiga, tulizungumza habari za Ibra, hakutaja kitu na mimi sikutaja.

Nassor huondoka kila siku baada ya sala ya asubuhi, hata leo Ijumaa. Anaendesha mpaka Izki, anaegesha gari pale mtaa unapoanzia, anakaa. Nyumba ya Sleiman ina kibao cha kuuzwa, na nyingine mbili. Ikija gari ngeni inayokwenda polepole, watu wanachungulia namba za geti, anashuka, anawasalimia, anawapeleka kuona ilipokuwa nyumba yetu. Sleiman hamwitikii salamu tena. Dalali alikuja kumtukana.

Leo karudi kabla ya magharibi, viatu vyote vumbi. Kanawa, kakaa, nimempakulia wali na papa. Kala nusu sahani.

"Leo wamekuja wateja wawili," akasema.

"Wamerudi walikotoka?"

"Wamerudi."

Nikamwongeza mchuzi.