Nilitaka Kumwokoa Mume Wangu kwa Polisi, Nikamponza

Mshauri wetu, nakusoma kila wiki na sikudhani kama siku moja nitakuandikia, lakini akili zangu zimefika ukingoni, naomba unishike mkono.

Mume wangu Roscoe ni fundi wa kufuli hapa Toledo, Ohio, watu wakijifungia nje ya nyumba au gari humpigia simu yeye, na miaka ya nyuma aliitwa kwenye maegesho ya duka lililokwisha kufungwa akafungue gari, kumbe ulikuwa mtego, majambazi wakampiga wakamvunja taya, na alipopona akaenda darasa la silaha, akafuzu, akachukua kibali, na tangu hapo hutembea na bastola kiunoni chini ya koti, haonyeshi mtu, hajitapi nayo, wala hajawahi kuichomoa. Majambazi hawatusumbui tena. Wanaotunyima raha ni polisi, na sisi ni watu weusi, hilo sihitaji kukufafanulia.

Mwezi uliopita tulitoka kanisani tukawa tunakwenda kula kwa mama, nimepakata bakuli la makaroni ya jibini, tukasimamishwa katika mji wa jirani kwa ajili ya taa ya nyuma iliyoungua. Roscoe alizima gari, akateremsha kioo, akaweka mikono juu ya usukani, akamwambia yule askari kijana kwa sauti ile ile anayozungumza na wateja wake, “Habari za mchana, afande. Nina kibali cha kubeba silaha na ninayo, iko kiunoni kulia. Ungependa nifanyeje?” Askari akashika bastola yake, akamwambia asijitikise, kisha hapo hapo akamwambia atoe leseni ya udereva, na leseni ilikuwa mfuko wa nyuma, upande ule ule wa bastola, mume wangu akabaki amekaa kama sanamu, hajui atii lipi, akasema polepole kwamba akiifuata leseni mkono wake utapita penye silaha, basi akatolewa nje na kupigishwa magoti kwenye majani yenye maji kando ya barabara, mzee wa kanisa, huku wenzetu tuliotoka nao ibadani wakipita na magari yao wanatutazama.

Walipohakikisha kibali ni halali wakamrudishia bastola yake, risasi mbali, na yule kijana akamwambia, “Usinielewe vibaya, mzee. Nataka jioni nirudi nyumbani.” Roscoe akajifuta magoti akamjibu, “Na mimi pia.”

Sasa kuna jambo sijakwambia, mdogo wangu Antwan naye ni polisi, na siku hiyo alikuwa kwa mama, tukamsimulia mezani, yeye badala ya kutupa pole akasema shemeji alikosea, angetoa leseni kwanza, habari ya bastola baadaye, maana ukianza na bastola umeshamtia mtu kiwewe. Roscoe akaweka uma chini. “Nikisema mapema, nimetisha. Nikichelewa, nimeficha. Shemeji, wewe ndiye mwenye kazi hiyo, niambie wakati wa kusema ni upi.” Antwan akaanza kusimulia habari za mwenzake aliyesimamisha gari mwaka huu, dereva akamfyatulia risasi bila hata salamu, mpaka leo mkono haufanyi kazi, na mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati, na alipokuwa akisimulia nikaona machozi yanamlengalenga, mdogo wangu niliyemlea, nikamhurumia, nikamwambia Roscoe amwombe radhi ili tule kwa amani. Roscoe akainuka, akaosha sahani yake, akaenda kukaa garini.

Tangu siku hiyo anasema hatatangaza tena, kwamba sheria ya Ohio siku hizi haimlazimishi kusema mpaka aulizwe, akiulizwa atajibu, asipoulizwa atanyamaza kama watu wengine. Mimi nikawa na hofu isiyoisha, kila taa ya gari nyuma yetu nadhani ni wao.

Wiki iliyopita wakawa ni wao kweli. Askari wawili, mmoja kila upande, na mimi kabla Roscoe hajateremsha kioo nikashindwa kujizuia, nikapaza sauti, “Ana bastola!” Mshauri, nilitaka wajue mapema tu, nilitaka kumwokoa, lakini yule wa upande wake aliruka nyuma, na nikaona mdomo wa bastola umemwelekea mume wangu usoni. Roscoe hakupepesa hata jicho. Yule wa upande wangu, mama mtu mzima, ndiye aliyemtuliza mwenzake taratibu, kisha akainama dirishani akaniambia, “Mama, hayo maneno usiyaseme tena hivyo. Sisi tunasikia kingine.”

Tuliporudi Roscoe hakugomba. Alisema tu, “Leo ile bastola umenielekezea wewe.” Sasa twende kanisani twende kwa daktari, yeye na gari lake, mimi na langu. Antwan ananipigia simu anasema nimlazimishe aiache nyumbani, mama naye anasema hivyo hivyo, na mimi nimechoka, mshauri, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Je, nimlazimishe?

Mke wa Fundi, Toledo

MAJIBU

Mke wa Fundi, pole. Barua kama yako zinanifikia nyingi, nyingine zinatoka kwa wake za polisi, na ukizichanganya huwezi kujua ipi ni ya nani. Sina dawa ya kumfanya kijana mwenye beji asiogope. Ningekuwa nayo ningeigawa bure barabarani.

Lakini wewe ninayo ya kukwambia. Mtu katoka kupigishwa magoti mbele ya waumini wenzake, suruali haijakauka, nawe unamtaka aombe radhi, kwa kosa gani? Machozi ya mdogo wako uliyaona. Ya mumeo hukuyaona kwa kuwa hakuyatoa. Kisha ukapiga yale makelele. Najua ni hofu, lakini hofu yako karibu imzike.

Usimlazimishe aiache. Taya iliyovunjika ni yake, uamuzi ni wake. Ila mwambie haya. Sheria inamruhusu kunyamaza, ni kweli, lakini akiulizwa aseme papo hapo, wala asidanganye. Leseni na kibali vitoke kwenye mfuko wa nyuma leo hii, vikae mbele kwenye dashibodi, ili asije tena akalazimika kuchagua kati ya amri mbili. Asibishane barabarani. Akidhulumiwa, aende mchana na wakili kudai picha za kamera ya askari, na kama ile siku ya magoti bado inamkereketa, hiyo nayo ana haki ya kuishtakia.

Antwan umwite wewe, dada yake, bila mama na bila chakula. Mwambie shemeji yake alimuuliza swali akampa hadithi. Hadithi ni ya kweli na inauma, lakini si jibu. Wakae garini wawili, Roscoe kwenye usukani, Antwan asimame dirishani, waonyeshane kila mmoja anaona nini. Wakishindwa kuelewana, angalau watakuwa wameshindwa wakitazamana.

Na wewe, gari likisimamishwa, viganja vyako juu ya dashibodi, ukiulizwa jibu, usipoulizwa funga mdomo. Mumeo ana sauti nzuri ya kuzungumza na watu wenye hofu, amekuwa akiitumia milangoni mwao miaka yote. Mwachie aitumie.

Kuhusu hayo magari mawili, usimngoje akualike. Nenda kamwombe msamaha kwanza, kwa yote mawili, bila kuongeza “lakini”. Halafu Jumapili acha gari lako nyumbani, muombe nafasi kwenye lake. Akikuambia bado, panda basi, na Jumapili inayofuata umuombe tena.