Mumuache Acheze

Baba,

Nimekaa jikoni kwako, hapa Alby, huku Ulaya tulikohamia, kwenye kiti chako cha dirishani. Kesho narudisha ufunguo wa nyumba. Kwa hiyo leo nitasema yote, hata yale ambayo mtoto hamwambii mzazi.

Wewe ndiye uliyenisukuma niende Meksiko. Tangu mama afariki sikuwa nimepumzika: kazi ya jikoni shuleni Tensta, kisha treni mpaka kwako, dawa zako, supu yako. Rehema, mwenzangu wa kazini, aliponialika likizo nilikataa mara mbili. Ukaniambia, "Nenda, mama. Mimi sitayeyuka." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako.

Nikaenda. Na nilifurahi, Baba, na hilo ndilo linaloniuma. Asubuhi tulijilaza mchangani chini ya vibanda vya makuti, tukila matango yaliyonyunyiziwa pilipili na ndimu. Nilirekodi miguu yangu ndani ya mawimbi nikakuuliza kama maji ya ziwa lenu kule nyumbani Uvira yalikuwa na joto hivi. Alasiri karnivali ilipita barabara ya ufukweni: malori yaliyopambwa, matarumbeta, ngoma kubwa za kubebwa tumboni. Watu walitupasulia kichwani maganda ya mayai yaliyojaa vikaratasi vya rangi. Mama mmoja nisiyemjua alinivika taji lake la manyoya. Nilicheza mpaka viatu vikakatika. Nilikutumia kila picha, nikazibandika na mtandaoni.

Nawe ulijibu. "Umependeza, mama." "Usiwe na wasiwasi, mama." Nilipotaka kupiga simu, uliandika kwamba koo linauma. Niliona ujumbe wako umeanza kuwa na nukta na mkato, wewe ambaye hukuwahi kuweka hata nukta moja. Nikamwambia Rehema mzee wangu anajifunza. Tukacheka.

Ulikufa siku ya tatu ya safari yangu. Moyo. Aliyekuwa akiniandikia ni kaka Bahati, ameshika simu yako.

Hakuniambia kitu uwanja wa ndege. Alibeba sanduku langu, akaendesha gari mpaka hapa kwako. Nilipofungua mlango huu nikaona viti vya kanisa vimejaa sebuleni, mshumaa, na picha yako. Nilikuwa na shanga za rangi kwenye misuko, pua imebabuka kwa jua. Watu waliinuka. Mama Solange, jirani yako, alinikalisha chini akaanza kunivua zile shanga, moja moja. Wote walikuwa wameziona picha zangu. Walikaa msibani kwako siku kumi na moja, na kwenye simu zao mimi nacheza.

Nilimwambia Bahati mbele yao, "Umenichezesha juu ya maiti ya baba yangu."

Siku ya mazishi nilikataa kusimama naye. Nilikataa asome hata mstari mmoja. Mwanao wa kwanza alisimama nyuma kabisa kama mpita njia, na mimi nikaona anastahili. Miezi mitatu sijapokea simu yake.

Jumamosi Mama Solange alikuja kunisaidia kufunga vyombo. Alinisikia nikimsema Bahati vibaya, akaweka sahani chini.

"Furaha, acha," alisema. "Baba yako ndiye alisema. Nilikuwa pale hospitali. Alimushika Bahati mukono, akamwapisha: musimwambie, mumuache acheze."

Kisha akanieleza jambo ambalo wewe hukuwahi kunieleza. Kwamba habari ya kifo cha mama yako ilikufikia ukiwa arusini, katikati ya ngoma, na tangu siku ile hukucheza tena. Hukutaka yanipate.

Yamenipata, Baba. Tarumbeta ikilia kwenye redio ya jikoni shuleni, nazima, na wenzangu wameacha kuuliza kwa nini. Ulinikinga na habari ya dakika moja, ukaninyang'anya siku zote zile za kukulilia pamoja na watu wako. Hukunipa nafasi ya kuchagua. Na mwanao ukamfunga mdomo, akabeba matusi yangu mbele ya kanisa zima kwa sababu mtu anayekufa alimwomba. Najua uliita hayo upendo. Labda ni upendo. Mimi naumeza kama mwarobaini.

Kesho nikishatoa ufunguo nitapanda treni mpaka Tumba, kwa Bahati. Nitamwomba radhi mbele ya mke wake na watoto wake, kwa sababu nilimwaibisha mbele za watu. Na siku tutakayoweka jiwe la kaburi lako, yeye ndiye atakayesoma, nami nitasimama ubavuni mwake. Hilo nakuahidi.

Lala, Baba. Bahati nitamwomba anisamehe. Wewe bado sijakusamehe, na sitakuandikia uongo kwamba nimeshakusamehe.

Binti yako,
Furaha