Nyumba Tisa za Karatasi

Bujumbura, 20 Agosti 2025

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Sipigi simu kwa sababu simu zinapekuliwa. Masœur Clémence, yule mtawa, atakuletea barua hii ndani ya kitabu chake cha sala.

Lile daftari la association yetu ya haki za watu nililokuachia siku nilipokimbia, ulilichoma? Lina ushuhuda wa watu tisa walioteswa, majina yao na alama za vidole. Wenye silaha walioshika mji wakilipata, watu hao wamekwisha.

Binti yako, Noëlla

Bukavu, 9 Septemba 2025

Noëlla mwanangu,

Amani kwako. Goti linalalamika, lakini mwenye goti ni mimi, litanizoea.

Sikulichoma. Miaka thelathini nilifundisha kwamba maandishi hayachomwi, na mkono ulikataa. Unaujua mji wangu mdogo wa karatasi, mfano wa ule uliozingirwa katika kitabu cha kale nilichokuwa nawasomesha wanafunzi. Nyumba zake hazizidi kiberiti. Nilikunja kurasa zako nikapata nyumba tisa, maandishi kwa ndani, nikabandika kwa gundi ya muhogo. Nilijiona mjanja.

Jana walikuja kupekua. Walipindua magodoro, hawakuona kitu. Lakini kamanda wao alisimama mbele ya mji. "Muzee, hii ni weye ulifanya? Iko muzuri sana! Nitaibeba ku bureau." Aliubeba mwenyewe hadi ofisini kwake, taratibu, kama sinia la mayai.

Naogopa, mwanangu. Mvua zimeanza, na gundi ya muhogo haipendi unyevu.

Papa yako

Bujumbura, 17 Septemba 2025

Papa,

Leo sikuulizi habari za afya. Nimesoma barua yako. Maandishi hayachomwi, na watu je? Maman Rosette anauza samaki tu. Aliniamini, akaweka kidole chake.

Fanya kitu. Lakini usife. Sijui hata nakuomba nini.

Noëlla

Bukavu, 7 Novemba 2025

Mwanangu,

Salamu. Una haki ya kukasirika.

Nilimfuata kamanda, nikamwambia mji unahitaji fundi wake, la sivyo unyevu utaubomoa. Alicheka: "Kuya tu, muzee, kila jeudi." Basi kila Alhamisi nimekwenda na nyumba moja tupu ndani ya kofia, nikatoka na moja ya kwako. Nikifika nyumbani naichoma kwenye mbabula, juu ya makaa. Ndiyo, mimi. Ya Maman Rosette ilikuwa ya kwanza. Sita zimekwisha.

Jana nilikuta paa moja limefunguka, na kamanda ameinama juu yake. "Muzee, mule ndani kuko maandishi gani?" Nikasema ni kazi za zamani za wanafunzi. Nilibandika paa huku ananitazama mikono. Kisha akauliza: "Na mutoto yako wa association, iko wapi siku hizi?"

Sijawahi kuogopa hivi. Zimebaki tatu. Masœur atawavusha mpakani wale watatu walioandikwa humo, Alhamisi ijayo asubuhi. Nitakuwa ofisini kwa kamanda na gundi yangu. Nisipoenda ataelewa, na barabara zitafungwa.

Papa yako

Bujumbura, 2 Desemba 2025

Papa mpendwa,

Watatu wamefika. Mmoja ana mtoto mgongoni. Wanakushukuru.

Nilikuandikia hayo mara moja, lakini Masœur amenirudishia barua. Anasema mlango wako una kufuli ambalo si lako, na jirani yetu Françoise hataki kuongea. Nimempa hii ajaribu tena.

Katika ile barua ya hasira sikukuuliza, nisamehe. Goti linaendeleaje?

Binti yako, Noëlla