Ngiri ya Baba na Kiti cha Besi

San Mateo del Encino, 3 Agosti 2011

Mwanangu Zenaida,

Hujambo huko mjini? Mama yako mzima, punda mzima, mimi mzima kuanzia kitovuni kwenda juu. Nakuandikia kwa sababu simu ya dukani kwa Cirila ina masikio mengi, na habari yenyewe ni ya kinenani.

Nina ngiri. Nikipuliza lile tarumbeta la besi, donge linachomoza kama yai. Nalirudisha kwa kidole, naendelea na wimbo. Daktari wa zahanati anasema siku likigoma kurudi, utumbo utabanwa nife nimekumbatia tarumbeta. Anataka nipasuliwe huko Oaxaca kwa matundu madogo, kwa kamera. Niulizie. Kamera inapitaje? Humo ndani si giza? Na nikishashonwa, nitapuliza tena? Hilo la mwisho uliza mara mbili.

Baba yako,
Eladio

Oaxaca, 11 Agosti

Shikamoo baba,

Pole sana. Umelificha hilo yai tangu lini? Mama anajua?

Nimeuliza. Daktari mpasuaji alicheka, kisha akajibu yote. Anatoboa matundu matatu, anakujaza gesi tumbo liinuke kama hema apate pa kuonea. Kamera na taa ni kijiti kimoja, chembamba kama kalamu. Anabandika kipande cha wavu pale palipotoboka, basi. Utapuliza, ila baada ya wiki sita.

Nafasi iliyopo ni tarehe 19 Septemba. Najua sikukuu ya Mtakatifu Mateo ni 21. Ichukue hivyo hivyo, baba. Nyingine ni Januari, na mimi sitaki kungoja hadi Januari nikiwaza utumbo wako.

Mwanao,
Zenaida

San Mateo del Encino, 30 Agosti

Mwanangu,

Salamu toka kwa wote. Mama yako sasa anajua, na amenisema wiki nzima.

Kujazwa hewa, mimi! Na wakimaliza, hewa inatokea wapi? Hukuniambia.

Jumapili kijiji kizima kilikaa kikao kujadili tumbo langu. Ilibidi niombe ruhusa, maana kiti cha bendi ni utumishi kwa kijiji, hukiachi sikukuuni. Cirila akasema, "Mfungeni mkanda apulize! Wanaume kwa kudeka!" Mzee Abundio akataka niwaonyeshe. Nikamwambia, "Anza wewe." Mwishowe wameniruhusu, mradi mtu wa nyumba yangu akalie kiti. Niliyemfundisha besi ni wewe tu.

Zenaida, naogopa, na si kisu. Hapa mtu akikalia kiti cha mwenzake akapendwa, mwenyewe hurudi kuwa mtazamaji. Bila besi sijui nitakuwa nani siku ya sikukuu.

Baba yako,
Eladio

Oaxaca, 6 Septemba

Shikamoo baba,

Gesi wanaifungulia itoke kwa matundu yale yale. Inayobaki mwili unaimaliza wenyewe.

Nitakuja. Ukishuka na basi la tarehe 18, mimi napanda na lile la jioni. Lorenza, ninayeshona naye na kukaa naye chumba kimoja, atakutunza. Besi sijaigusa tangu nihame, midomo itavimba. Kiti ni chako. Mimi nakushikia tu.

Mwanao,
Zenaida

Oaxaca, 23 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Niko hai, nimelala kitandani kwako. Ile hewa, mbona hukuniambia hupanda begani? Bega linauma kuliko tumbo! Daktari anasema ni kawaida. Alinionyesha picha kwenye runinga: ndani mimi ni wa waridi, nang'aa. Nani angejua? Na tundu lililonitesa hivyo ni dogo, aibu tupu.

Siku ya sikukuu Lorenza alipiga simu dukani, akafungua spika. Cirila akautoa mkonga wa simu dirishani, nikasikia bendi ikipita. Ulichelewa kuingia. Kisha ukaingia, na Lorenza akasimamisha cherehani. Nililia, mwanangu, na kulia kunavuta nyuzi.

Daktari anasema Novemba nitapuliza kama zamani. Nimefurahi, lakini nimeshamtumia salamu kiongozi wa bendi anitafutie matoazi. Endelea kushona huku, ila kila sikukuu upande. Kiti ni chako. Nitasimama nyuma yako nikikuhesabia, usije ukachelewa tena.

Baba yako wa matoazi,
Eladio