Saruji Kwenye Shina

3 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Huku tu wazima, magoti yangu tu ndiyo yamenigeuka. Ule mti aliopanda marehemu baba yako nyuma ya chumba cha kaka yako ulikuwa umeota uyoga mgumu chini ya shina, umepangana kama sahani. Kaka yako kaubandua kwa panga, tundu kaliziba kwa saruji, juu kapaka chokaa. Tazama picha, umependeza! Wewe unakuja lini, au ndiyo ahadi zile zile?
Mama yako

19 Machi

Mama,
Shikamoo. Pole na magoti. Picha imeninyima raha. Kazi yangu ndiyo hii, kutwa nagonga miti ya barabarani kwa nyundo nisikie ipi imeoza ndani. Uyoga ule ni tunda tu. Ugonjwa uko ndani, unakula mizizi. Majani yasikudanganye: maji hupanda karibu na gome, kwa hiyo mti huoza moyo ukabaki kijani. Ugongeni. Ukilia kama debe tupu, ukatwe kabla ya mvua. Na kaka na mkewe wahame kile chumba leo.
Binti yako

11 Aprili

Mwanangu,
Salamu. Sote wazima. Nilimsomea kaka yako, akacheka mpaka machozi. Anasema mtu hakuja hata kumzika baba, sasa anatutawala kwa barua. Ila usije ukasema mama hasikii. Mmoja tumekata: ule wa kisimani, uliopukutika majani yote. Wa baba yako una majani tele, nani akate mti mzima? Umeridhika sasa?
Mama yako

27 Aprili

Mama,
Shikamoo. Ole wangu! Ule wa kisimani hupukutika kila kiangazi ili usipoteze maji, umesahau? Mmekata mzima mkaacha mgonjwa. Mwambie kaka namwomba radhi kwa mazishi ya baba, kwa yote. Anitukane atakavyo, lakini ahame. Nimeomba ruhusa kazini, wamekataa. Nakupigia magoti, mama.
Binti yako

2 Juni

Mwanangu,
Mti wa baba yako umeanguka. Mchana, mvua imeshakatika, hata upepo hakuna. Barua yako kaka yako aliisoma peke yake, na hakucheka. Alimhamishia mkewe sebuleni, yeye mwenyewe akabaki chumbani. Alisema radhi haiombwi kwa barua. Alikuwa amejilaza baada ya kula.

Tumemzika. Na yeye pia hukumzika.

Waliokuja kukata magogo wamenionyesha ndani: laini, unachota kwa kijiko. Kilichobaki kigumu ni saruji yake tu. Wameniuliza waitupe wapi. Nimewaambia waiache.
Mama yako